Simu ya Saa Tisa

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja nilipohamishiwa zahanati ndogo upande wa Ijara, si mbali sana na Sangailu. Mimi ni mtu wa milimani. Nimekulia Embu, kwenye mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi, na kazi yangu ni utabibu. Sikusomea udaktari wa shahada, lakini kwa watu wa kule kila anayevaa koti jeupe na kuandika dawa ni daktari, na baada ya wiki ya pili niliacha kuwasahihisha.

Zahanati ilikuwa na vyumba vinne, tangi la maji, na sola juu ya paa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Chini yangu alikuwepo muuguzi mmoja, mwanamume wa pale pale, aliyenizidi kama miaka kumi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye sauti ya chini. Aliniita daktari mbele ya wagonjwa, na abaayo, yaani dada, tulipokuwa peke yetu. Mimi nilimwita walaal, ndugu. Katika maisha yangu ya kazi sijapata kufanya kazi na mtu niliyemwamini kama yeye, na ndiye niliyemkosea kuliko wote.

Tulikuwa tofauti, na kila mtu aliliona hilo. Wiki yangu ya kwanza alikuja mfugaji mmoja na mtoto wake wa miaka mitatu, mtoto kichomi kimemshika vibaya. Nikamwambia baba mtu kwamba lazima mtoto apelekwe hospitali kubwa. Akakataa. Nikamweleza. Akakataa. Nikachukua karatasi, nikamchorea mapafu, nikamwonyesha maji yalipojaa. Akaitazama ile karatasi kwa heshima, akanirudishia. Mwenzangu akanigusa bega, akamchukua yule baba nje, wakakaa kivulini wakanywa chai. Waliongea kwa Kisomali kuhusu ng'ombe, kuhusu malisho ya upande wa Boni, kuhusu mjomba fulani aliyefariki. Kikombe cha tatu hakijaisha, yule baba akaingia ndani akamfunga mtoto kwenye shuka, akauliza gari litafika saa ngapi.

Lakini miezi miwili baadaye mwanamke mmoja alimlilia sana mwenzangu kwa ajili ya homa ya kawaida ya mtoto wake, na yeye akampa sindano za mwisho za malaria kali tulizokuwa nazo, kwa sababu yule mama alishazika watoto wawili na alikuwa anatetemeka. Kesho yake akaletwa mtoto mwingine anayetapatapa kwa degedege, na kabati tupu. Mtoto yule alipona kwa bahati, kwa dawa tuliyoazima Sangailu kwa pikipiki. Mwenzangu alikaa nyuma ya tangi akalia. Mimi sikwenda kumfariji. Niliandika kwenye ubao utaratibu wa nani anaruhusiwa kufungua kabati lile, nikautia sahihi.

Mama wa mwenzangu aliishi karibu na zahanati. Wote tulimwita ayeeyo, bibi. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kila baada ya miezi michache miguu ilimvimba, pumzi ikambana, nami nikamchoma sindano ya kupunguza maji mwilini, akapata nafuu. Alinipenda bila kuniuliza chochote. Asubuhi aliniletea kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi, juu ya rejista kabisa, akaondoka. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache. Aliniambia, "Wewe nabenda kazi sana. Kula." Mama yangu mzazi aliniacha nikiwa darasa la sita. Sikumwambia hivyo ayeeyo, wala sikujiambia mwenyewe, lakini siku asipokuja na kibuyu nilikuwa natazama mlangoni.

Mwaka wa pili tuliitwa semina Garissa, watumishi wa zahanati mbalimbali, siku tatu. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja karibu na mto, feni zinazunguka bila kupooza chochote. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mpole kutoka Nairobi. Siku ya kwanza alitupa karatasi yenye maswali mengi, tuweke alama. Siku ya pili akatuambia matokeo: kila mmoja wetu ni aina gani ya mtu. Kulikuwa na herufi na majina, mengi nimeyasahau. Kilichobaki kichwani ni ule mstari wa utepe wa gundi alioubandika sakafuni, upande mmoja ameandika Kufikiri, upande mwingine Kuhisi.

Akauliza, "Mfanyakazi mwenzenu amekosa zamu mara tatu kwa sababu ana mgonjwa nyumbani. Mnafanya nini? Simameni mahali penu kwenye mstari."

Mimi nilitembea hadi mwisho wa Kufikiri. Nilipogeuka nikamwona mwenzangu amesimama mwisho kabisa wa upande ule mwingine, mgongo umegusa ukuta. Ukumbi mzima ukacheka, na sisi tukacheka pia.

Yule mama alieleza vizuri, na nayakumbuka maelezo yake kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Alisema watu hudhani anayefikiri hana moyo na anayehisi hana akili, na kwamba hilo ni kosa. Zote mbili ni njia za kukata shauri. Mmoja anauliza: jambo hili ni kweli, na linafuata kanuni gani? Mwingine anauliza: jambo hili linamgusa nani, na kuna kitu gani hapa kisichofaa kupotezwa? Kuhisi, alisema, si kulia. Mtu anaweza kulia bila kuhisi hivyo anavyosema yeye, na mtu akahisi huku macho makavu.

"Kila mmoja wenu anazo zote mbili," akasema. "Lakini moja hutangulia, ikapata mazoezi ya miaka mingi. Ya pili hubaki nyuma. Haijakomaa. Ukichoka au ukiogopa, hiyo ya nyuma inaruka mbele na kushika usukani, na haijui kuendesha."

Nikainua mkono. "Na hiyo ya nyuma inaweza kuwa sahihi?"

"Inaweza," akanijibu. "Shida ni kwamba mwenyewe hataiamini."

Tulirudi na gari la serikali, tumebanana na maboksi ya chanjo. Njiani mwenzangu akasema, "Abaayo, yule mama amesema vizuri. Lakini mimi nikilia, ndipo nafikiri. Watu wakiniona hivyo wanadhani nimeshindwa. Mimi hapo ndipo naona mambo yamejipanga."

Nikamwambia, "Basi ungesimama katikati ya mstari."

Akacheka. "Katikati hakuna ukuta wa kuegemea."

Tangu siku ile mambo yalikuwa rahisi. Akichelewa kwa sababu ya msiba wa jirani, nilisema moyoni, huyu ni wa kuhisi. Akitaka ushauri kuhusu ratiba, aliniletea akisema, "Wewe wa kufikiri, panga." Jambo likiwa gumu tuligawana: la kanuni langu, la watu lake. Nilijua, au nilidhani najua, atafanya nini kabla hajafanya.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa kishindo baada ya ukame mrefu. Udongo wa kule ni mweusi, na ukilowa unashika magurudumu kama mikono. Laga zote, yaani mito ya msimu, zilijaa. Ayeeyo alizidiwa wakati huo huo. Sindano zangu hazikufua dafu tena. Alilala akiwa amekalishwa kwenye mito mitatu, mashine ya oksijeni inanguruma pembeni, midomo ina rangi ya majivu. Siku ya pili niliomba ambulensi, na kesho yake saa mbili unusu asubuhi ikafika, matope hadi vioo. Ilikuwa moja kwa eneo lote, na ilikuwa na kitanda kimoja na mtungi mmoja wa oksijeni. Dereva wake hakuwa mtu wa pale.

Tulikuwa tumeshamweka ayeeyo juu ya kile kitanda, mlango wa nyuma ukiwa wazi, simu yangu ilipolia. Alikuwa mkunga wa kijiji kimoja cha wafugaji, mwendo wa saa mbili kwa njia nyingine kabisa. Mwenzangu alichukua simu kwa sababu mkunga hakujua Kiswahili. Nilimtazama usoni akisikiliza. Kisha akanieleza: kuna mwanamke ana uchungu tangu jana mchana, mtoto amelala kiupande, mkono umetoka nje, na mama anavuja damu.

Hapo hapakuwa na kujadili sana. Kila aliyesomea kazi yangu anajua kwamba mwanamke wa namna hiyo anahitaji kupasuliwa, na kwamba kila saa inayopita inahesabiwa. Na njia ya kule haikurudi kwetu. Ukishamchukua mgonjwa unatokea barabara kuu upande wa pili, moja kwa moja hadi hospitali. Gari lingekwenda kwa mmoja tu.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikaa mbele yangu wazi kama namba ya mlangoni. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtoto tumboni, na upasuaji unaoweza kumwokoa. Upande wa pili, bibi wa zaidi ya sabini, ambaye hospitali ingempa wiki kadhaa, labda miezi. Nilifungua mdomo niseme. Nilichosema ni, "Ayeeyo ameshapanda. Aende. Tutatafuta gari lingine kwa yule."

Gari lingine halikuwepo, na nilijua halipo. Sauti iliyosema haikuwa ya tabibu. Ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

Mwenzangu alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Akasema, taratibu, neno moja baada ya lingine, "Daktari. Moyo wa mama umefika mwisho. Wewe mwenyewe uliniambia mwezi uliopita. Yule ana watoto wawili nyumbani. Tukimpeleka mama, yule anakufa leo. Tukimpeleka yule, mama..." Akashika mlango wa gari. "Mama tunaye bado leo. Mshusheni."

Akapanda ndani ya gari, akachuchumaa kwenye sikio la mama yake, akamweleza kwa Kisomali. Ayeeyo alikuwa na pumzi ya maneno mawili matatu tu. Aliuliza jambo, yeye akajibu, ayeeyo akafumba macho na kutikisa kichwa kukubali. Baadaye nilimuuliza aliuliza nini. Aliuliza yule mwanamke ni binti wa nani.

Tulimshusha, tukamrudisha kwenye mito yake, tukawasha mashine.

"Nitakwenda mimi na gari," nikasema. "Wewe baki na mama."

"Hapana. Dereva haijui ile njia, na maji yamejaa. Mimi naijua. Na mtoto wa namna ile nimekutana naye mara nyingi kuliko wewe. Mama anahitaji wewe, sindano zako." Alikuwa ameshaanza kupakia dripu na glavu. "Ni hivyo tu, abaayo. Hakuna hesabu nyingine."

Akabusu paji la mama yake, akapanda mbele na dereva, wakaondoka. Ilikuwa haijafika saa tatu.

Nilibaki chumbani na ayeeyo na jirani mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimpepea. Mvua ilisimama, ikaanza tena. Saa saba simu ikalia. Mwenzangu aliniambia wamempata yule mwanamke, ametiwa dripu, damu imepungua, wako njiani.

"Mama vipi?" akauliza.

Ayeeyo wakati huo alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. Nilisema, "Anapumua. Endelea na mgonjwa wako."

Si uongo. Alikuwa anapumua.

Kufikia saa nane nilijua hatavuka siku. Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Kisha, kama inavyotokea wakati mwingine kwa wagonjwa wa moyo, akili ikamrudia. Akafumbua macho, akaniona, akataja jina la mwanawe. Akalitaja tena. Jirani akamwambia amekwenda kazini, atarudi. Ayeeyo akalitaja mara ya tatu, si kwa kulalamika, kama mtu anayeita aliye chumba cha pili.

Saa tisa simu ilitetemeka kwenye mfuko wa koti langu. Niliitoa. Alikuwa yeye. Mtandao ulikuwa mzuri, jambo la nadra siku ya mvua.

Nimejaribu mara nyingi kuyakumbuka sawasawa mawazo yaliyonipitia wakati ule, na nayakumbuka yote, kwa sababu yalikuja kwa mpangilio mzuri. Nilifikiri: siwezi kumdanganya tena. Nikimwambia ukweli, atavunjika. Huyu ni mtu wa kuhisi, alisimama ukutani kabisa. Mkononi ana mwanamke anayevuja damu. Akivunjika, dripu itaisha bila yeye kuona, au atamwambia dereva ageuze gari. Watakufa wawili badala ya mmoja. Kwa hiyo asijue mpaka yule mwanamke afike chumba cha upasuaji. Ilikuwa hoja safi, haina ufa. Nilijivunia hata, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimeteleza na sasa nilijiona nimerudi kwenye kazi yangu.

Niliiacha simu ilie mpaka ikanyamaza. Haikulia tena.

Masaa sita tu yalikuwa yamepita tangu mtu yule yule alipolia mbele yangu na kukata shauri sahihi kuliko mimi. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Lakini nilichokiamini ni ule mstari wa sakafuni.

Ayeeyo alifariki muda mfupi baada ya adhana ya alasiri. Jirani alimsomea shahada, nami nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Nilizima mashine, na chumba kikawa kimya hata nikasikia matone yakidondoka tangini.

Saa kumi na moja mwenzangu alipiga akiwa hospitali. Yule mwanamke alikuwa ameingizwa kupasuliwa. Nikamwambia. Nikasikia watu wanapita nyuma yake, mlango unafungwa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi kasoro kidogo."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha, "Wasiningoje. Mzikeni kabla jua halijazama."

Wanawake walikuwa wameshaanza kumwosha. Walimzika jioni ile katikati ya manyunyu. Mimi nilisimama mbali na kaburi, pamoja na wanawake.

Alirudi kesho yake mchana, amelowa, na suruali imekauka matope hadi magotini. Yule mwanamke ameokoka, akasema. Mtoto hakuwahi kupumua. Kisha akaenda kaburini, akakaa huko, na aliporudi akasimama mlangoni mwa ofisi yangu.

"Nilipiga saa tisa," akasema.

"Niliona."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa anakuita."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo yote, yamepangwa. Nikaanza, "Nilifikiri kwamba ukijua—"

"Ndiyo," akanikata, bila ukali. "Ulifikiri." Akatazama meza yangu, kisha akatazama nje. "Ungeweka tu simu sikioni mwake, abaayo. Mimi ningemsomea."

Alichukua likizo ya siku arobaini, na kabla haijaisha ikaja barua kwamba ameomba uhamisho kwenda Bute, mbali kule juu Wajir Kaskazini, kwa watu wa mke wake. Hakuja kuaga. Alimtuma mtu achukue viatu vyake vya mpira na redio yake ndogo.

Miezi mitatu baadaye yule mwanamke alifika zahanati. Alitembea na wale watoto wake wawili, mmoja mgongoni na mwingine anamshika mkono. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Nataka kusema bole kwa nurse," akaniambia. "Mama yake. Iko wapi?"

Nikamwambia amehamia Bute. Hakujua Bute ni wapi. Alikaa kwenye benchi, akanyonyesha, akaondoka. Nilimtazama akienda, nikaingia chumba cha dawa kuhesabu chupa za chanjo. Msaidizi mpya, binti aliyeletwa kuziba pengo, alikuwa amemwaga chai kidogo juu ya rejista. Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, kwamba hafai, kwamba hana huruma na kazi ya wenzake, na katikati ya maneno hayo nikaanza kulia na sikuweza kusimama. Binti yule masikini akanipa maji na kukaa nami sakafuni. Nililia kwa siku tatu, kwa vipindi, mbele ya wagonjwa. Yote niliyokuwa nimeyaweka nyuma yalikuja mbele kwa mara moja, na kweli, kama alivyosema yule mkufunzi, hayakujua kuendesha.

Mwaka uliofuata nilihamishwa kwenda ofisi ya Garissa. Nilimwandikia mwenzangu ujumbe mara nyingi na kuufuta. Nilitaka kila ujumbe uwe na hoja. Hatimaye nikachukua likizo, nikapanda basi hadi Wajir bila kupanga chochote, nikalala pale, na asubuhi nikapata Lendikruza iliyobeba magunia ya sukari, ikanifikisha Bute alasiri. Niliuliza nyumba ya muuguzi mrefu anayetoka Ijara. Nilioneshwa bila shida.

Alikuwa uani akitengeneza kiti. Nywele zimeanza mvi. Alinitazama, akaweka nyundo chini.

"Karibu, abaayo," akasema.

Mke wake alituletea chai ya maziwa, akakaa nasi kidogo, kisha akatuacha. Tuliongea habari za mvua, za zahanati ya huko, za watoto wake wawili walio sekondari. Nilikuwa nimesafiri siku mbili na sikujua pa kuanzia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Sikukuambia siku ile," akasema. "Saa tisa tulikuwa tumekwama. Laga imejaa, dereva anangoja maji yapungue. Yule mwanamke alikuwa amelala, dripu inakwenda vizuri. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, sina kazi. Tulikaa pale kama saa nzima. Nikasema, wacha niongee na mama."

Nilishika kikombe. Hoja yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya mtu aliyeshikilia dripu ndani ya gari linalokimbia. Sikuwa nimewazia jiwe. Kama ningepokea simu, ningejua baada ya neno la kwanza.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilikusamehe zamani. Ningekuambia, lakini nilijua ungetaka kujua sababu." Akatabasamu kidogo. "Kurudi ndiko kulikonishinda. Nikiuona ule mlango wa zahanati, naisikia simu inalia ndani."

Nje mtu alikuwa anapitisha mbuzi, kengele zao zinagongana. Akangoja wapite.

"Sasa niambie ilivyokuwa," akasema. "Tangu saa nane mpaka mwisho. Lakini usiniambie kama unaandika kwenye faili."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi mama yake alivyofumbua macho, na jinsi alivyomtaja yeye, mara ngapi na kwa sauti gani. Nilimwambia nilivyomshika mkono, kwamba ulikuwa mwepesi, kwamba niliogopa. Nilimwambia kuhusu mama yangu, aliyekufa nikiwa shuleni, na kwamba asubuhi ile kwenye gari sikuwa nikimtetea mama yake peke yake. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Sauti yangu ilikatika mara kadhaa na sikuomba radhi.

Yeye alilia jinsi alivyozoea, bila kujificha. Aliniuliza kama mama alionyesha kuumia. Nikasema pumzi ilimsumbua, lakini mwisho alitulia. Aliniuliza nani alimsomea. Nikamwambia ni jirani, nikamtaja. Akatikisa kichwa, akasema yule mama ana sauti nzuri, ni afadhali.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Unafikiri nilikosea? Kumshusha?"

Nilijua jibu la kanuni. Nilijua pia kwamba mtoto hakuishi, na kwamba yule mwanamke alitembea kutoka kijijini kwake kuja kumtafuta. 

"Hukukosea," nikasema. "Na hasara yake imekupata wewe peke yako. Yote mawili ni kweli."

Akanimiminia chai iliyobaki. Mwadhini wa msikiti wa karibu akaanza, naye akainuka, akachukua birika la maji ya kutawadhia na kwenda upande wa pili wa ua. Mke wake akatoka, akakaa mahali pale alipoinuka mumewe, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo. Alinisogezea sehemu ya ungo. Tukachambua pamoja mpaka mumewe aliporudi, kisha wakanionyesha nitakapolala.